Zamu ya Maji

Saa nane na robo usiku, hapa Pasua,
mama anatikisa geti.
Geti nililolichomelea mwenyewe,
nondo za milimita kumi na mbili, makomeo mawili,
nikajisifu kwamba mwizi atahangaika.

"Ndekirwa! Fungua! Maji yanapita!"
Mimi si Ndekirwa. Ndekirwa ni mjomba,
tulimzika Mbokomu mwaka ule wa unga wa yanga.
Mama kajifunga kitenge kiunoni, kikazi kabisa,
miguuni viatu vyangu vya karakana, vyenye chuma mbele,
mkononi mwiko wa ugali.
Kwake ni jembe.

Mwanzoni nilimpa ukweli.
Mama, hapa ni mjini, maji yapo bombani.
Mama, mfongo ulishakauka.
Mama, Ndekirwa alikufa.
Na kila usiku Ndekirwa akafa upya,
kila usiku nikampelekea mama msiba mlangoni,
akalia kama mtu aliyepata habari sasa hivi,
maana alikuwa amezipata sasa hivi.
Asubuhi kilio amekisahau, macho yamevimba,
ananiuliza nani alimpiga.

Kuna usiku nilimshika mkono kwa nguvu.
Nalisema nisije nikajifanya.
Alama za vidole vyangu zilikaa siku nne.
Aikande, mke wangu, aliporudi na uchovu wa zamu ya KCMC,
aliziona akimwogesha. Hakusema kitu.
Alimpaka mafuta,
chupa akaiacha mezani, upande ninaokaa mimi.

Mzee wa kanisa alisema maombi.
Jirani wa nyuma ya ukuta, ambaye naye halali, alisema vidonge.
Aliyenifundisha ni mama mwenyewe,
mchana, akimenya ndizi, kisu kikienda chenyewe:
"Maji ya usiku hayamsubiri mtu.
Ukilala zamu yako ikapita, unangoja siku nane,
na migomba haijui kungoja."
Akanitazama, akanijua, akaniita kwa jina langu.
Kisha akauliza kama nimelipwa.

Usiku ule sikubisha.
Nilichukua tochi. "Twende, dada. Zamu yetu imefika."
Nikafungua bomba la uani, pale penye mpapai,
maji yakakimbilia kwenye mashina matatu ya migomba
niliyopanda nyuma ya choo.
Mama akainama. Kwa mwiko akachimba, akazuia, akaachia.
"Ziba huku. Siyo huko! Huku.
Usimwibie mama Ndesario, ana watoto wadogo."
Nikaziba kwa magome na tope, mikono yote miwili.
Alihesabu migomba kumi na miwili.
Nami nikahesabu kumi na miwili.
Nikamfuta miguu. Alilala hadi jua likafika dirishani.

Si kila usiku.
Juzi ilikuwa mgao: bomba lilikohoa, likatoa hewa,
na mama amesimama, mwiko begani, anangoja.
Nikabeba ndoo ya akiba,
nikamimina kwenye beseni, kutoka beseni kwenye ndoo,
ndoo, beseni, ndoo, beseni,
mwanaume wa miaka hamsini na moja, gizani, amelowa suruali.
Akainamisha sikio.
"Yanatoka mbali haya," alisema, akakaa chini.

Bili imekuja elfu thelathini na saba.
Aikande ameibandika kwenye friji kwa sumaku ya jogoo.
Hatujaizungumzia.

Siku hizi naamka kabla yake.
Nakaa kwenye kigoda barazani, tochi mapajani,
mbwa wa Pasua wakiulizana maswali yao.
Kuna usiku saa nane inapita na hakuna kitu,
hakuna geti, hakuna Ndekirwa.
Ndio usingizi niliouomba miezi yote hii.
Nami nimekaza shingo kuelekea chumbani,
naogopa kimya kuliko nilivyowahi kuogopa makelele,

mpaka nisikie kitanda kikilia,
na miguu miwili, taratibu,
ikitafuta viatu vyangu.